Keki Nimeoka Mimi

Shoga, uko wapi? Nimejifungia chooni kwa mama mkwe.

Ile keki ya jibini ya chokoleti niliyooka jana, wifi yangu kaitoa kwenye friji, kaiweka mezani, kasema kaoka yeye. Kaoka yeye, shoga.

Mama mkwe kauliza mbona haijapasuka juu. Wifi bila haya kajibu, "Niliiacha ipoe humo humo ndani ya oveni, mlango wazi kidogo." Maneno yangu yale yale. Nilimfundisha mimi.

Nikamtazama mume wangu aseme neno. Jana kalamba mwiko wa hiyo keki mpaka ukang'aa.

Mama mkwe akanigeukia, "Mwanangu, jifunze kwa wifi yako."

Mume wangu, keki mdomoni, akaitikia, "Kila siku namwambia, mama."