Buni Nzuri za Mama

Jumamosi, Tottenham

Bado nimemkasirikia mama kidogo, lakini nashukuru zaidi.

Kaka ametuma kilo mbili za buni za kahawa kutoka shamba letu la Kivu. Ni mavuno ya kwanza tangu tulipokimbia vita na kumwacha baba amezikwa kulekule. Kaka anataka jibu: tuuze shamba au tulitunze? Niliogopa hata kumwonyesha mama. Miaka yote hii ya Landani hajagusa kahawa.

Leo nikampa. Alimwaga buni kwenye sinia akaanza kuchambua, vidole vikienda mbio kama zamani. Nzima kulia, zilizovunjika kushoto. Kisha akaweka zilizovunjika kwenye kikaango, na nzima akazifunga vizuri mfukoni.

"Mama, hizo unamwekea nani?"

"Hizi ni za kuuza."

Hapo nikapandisha sauti. Enzi za baba nzuri zote zilipakiwa kwenye lori, sisi tukanywa zilizovunjika. Nikamwambia hapa hakuna lori, mama, zote ni zetu.

Mama akautazama ule mfuko. Nikajuta. Kisha akafungua mfuko, akakaanga zile nzima mpaka kengele ya moshi ikaanza kulia, nami nikawa naipepea kwa taulo.

Kahawa ilipochemka, alikunywa polepole, macho chini.

"Kumbe ndiyo hii tuliyokuwa tunawauzia watu."

Asante Mungu, nilimwona akitabasamu. Akanyoosha kikombe nimwongezee.

"Mwambie kaka yako shamba haliuzwi."