Pampu ya Mtumbwi wa Baba Mdogo

Nkoma,
Bariadi.
11 Juni 1996.

Kaka yangu Constantine,

Mwangaluka, kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Tabora, pamoja na shemeji Violeth na watoto, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja wakati wa Pasaka kimekuachia. Huku Mama hajambo, ila magoti yanamsumbua asubuhi kabla jua halijapasha. Mke wangu Milembe na watoto ni wazima. Mimi nami mwili hauna kasoro, lakini nina kinyaa, kaka. Chakula hakipiti. Nikisikia mtu ananiita Injinia natamani kutapika.

Msimu wa pamba umefunguliwa wiki iliyopita, na ni uchafu mtupu. Wanunuzi binafsi tulioambiwa watatukomboa wanapita na malori yao, wanachukua pamba safi kwa bei ya fifi, ile chafu ya daraja la pili. Wakulima nao hawajambo. Jirani yetu namwona kwa macho yangu akinyunyizia pamba maji na kuichanganya na mchanga ili mizani ilale, kisha Jumapili yuko mstari wa mbele kanisani. Kinu cha kuchambua pamba kilichonilisha miaka kumi na sita kimefungwa, na popo wamehamia chumba cha mashine. Wanauita uchumi huria. Naona uhuru wenyewe ni wa kudanganyana mchana kweupe.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya pamba. Nilikupigia simu ya maandishi kwamba Januarius, mtoto wa baba mdogo Masalu, amefariki ziwani, nami sikueleza zaidi. Leo nakueleza, na nakuomba usome mpaka mwisho hata ukikasirika.

Unakumbuka baba mdogo aliuza ng'ombe wake karibu wote akanunua mtumbwi mkubwa na injini ya nguvu za farasi themanini na tano, wa kusomba sangara kutoka visiwani hadi Lamadi. Tulimcheka, maana ukoo wetu unajua maji ya kunywesha mifugo tu. Kazi ya kuuendesha alimpa Selestini, yule mtu wa Ukerewe aliyemwoa Salu, dada yake Januarius, akahamia hapa kwetu. Selestini amekulia ndani ya mitumbwi. Hana cheti, na akizungumza hutazama chini, basi mimi mwenye cheti cha kinu nilimwona mshamba.

Mwezi wa nne pampu ya mafuta ilikufa. Selestini alitaka kwenda Mwanza mwenyewe kununua nyingine, lakini baba mdogo alisema hawezi kumtuma mvuvi wakati nyumbani kuna injinia. Nilivimba kichwa, kaka, siwezi kuficha. Selestini aliniandikia namba ya pampu kwenye kipande cha karatasi, na chini yake akaongeza kwamba injini hii inakunywa sana, kwa hiyo niulize pampu inatoa lita ngapi kwa saa, tena niipime debe la mafuta likiwa chini sakafuni. Nilisoma ndani ya basi nikacheka peke yangu. Nani anaweka mafuta chini?

Dukani Mwanza nilionyeshwa pampu mbili. Ya kwanza ilikuwa na namba ileile ya Selestini, lakini ni mtumba, imetolewa kwenye injini nyingine, nyeusi kwa masizi. Ya pili ilikuwa mpya ndani ya boksi, inang'aa kama sufuria ya bibi harusi, na mwenye duka aliapa kwamba inaingia kwenye injini yoyote. Wahenga walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na ile mpya ilikuwa inatembezwa kweli. Ingawa hivyo niliitaka. Niliona aibu kurudi Nkoma na kitu cheusi mkononi. Niliomba ipimwe, tena ni mimi niliyemwambia aweke kopo la petroli juu ya kabati na pampu chini. Mafuta yalitiririka vizuri sana, nikaridhika.

Kaka, kinuni tangi lilikuwa juu ukutani, na dizeli ilishuka yenyewe mpaka kwenye mashine. Miaka kumi na sita nilihudumia injini ambayo haikuwahi kuvuta mafuta kutoka chini. Kwenye mtumbwi tangi liko miguuni, na pampu ndiyo inayoyapandisha. Kile nilichokipima dukani hakikuwa nguvu ya pampu. Mafuta yalikuwa yanaanguka tu, kama ambavyo yangeanguka kwenye mrija mtupu.

Selestini alipoifunga aliijua mara moja. Alimwambia baba mdogo kwamba hii ni pampu ya injini ndogo, itaenda taratibu tu, na mtumbwi ukiwa na mzigo akiongeza moto injini itakosa mafuta na kuzima. Alitaka irudishwe. Nami nikasimama ufukweni Lamadi mbele ya watu nikauliza, yeye alisomea injini shule gani? Watu walicheka. Baba mdogo akaamuru safari.

Siku tatu Selestini, Januarius na vibarua wawili walikwenda polepole, ikawa salama. Siku ya nne walikuwa wanarudi na samaki mtumbwi umejaa, upepo ukaja, Selestini akaongeza moto ili auelekeze mtumbwi kwenye mawimbi. Injini ikakohoa ikazima. Wimbi likawapiga ubavuni. Selestini aliwaokoa wale vibarua, akarudi majini kumtafuta Januarius mpaka wavuvi wengine wakamvuta kwa nguvu. Januarius hakujua kuogelea. Nani kwetu anajua? Tulimzika siku ya tatu, akiwa amevimba hivi kwamba baba mdogo alimtambua kwa mkanda wa suruali.

Matanga yalipoisha sungusungu waliita mkutano uwanja wa shule. Ilikwisha semwa kijijini kwamba mimi nilinunua pampu nzuri, na Selestini akaiuza Lamadi akafunga takataka. Mkutano ulimkuta na hatia na kumtenga. Unaijua adhabu hiyo. Hakuna wa kumpa moto, hakuna wa kumsagia mahindi, na atakayemsalimu au kuitikia salamu yake atatozwa ng'ombe. Salu ameambiwa amwache mume, akikataa naye ametengwa. Amekataa. Alipokwenda kisimani wanawake waliacha ndoo zao wakaondoka, na mke wangu Milembe alinisimulia hayo huku akipika, kwa sauti ya mtu aliyefanya jambo jema. Mwanamke amefiwa na ndugu yake, na hakuna wa kumwambia pole!

Juzi nilikutana na Selestini kwenye njia nyembamba ya shambani. Nilisimama. Yeye aliponiona aliingia ndani ya pamba, akageuza uso, akangoja nipite. Nilidhani ni hasira. Nilipofika nyumbani ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ananiepusha na faini.

Sasa nakuambia nilichoshindwa kukuambia tangu mwanzo wa barua hii. Siku ile ya mkutano pampu ilitolewa kwenye injini iliyoopolewa ikawekwa mezani. Mtemi wa sungusungu aliniita mbele na kuniuliza kama ndiyo ile niliyoinunua Mwanza. Niliishika mkononi. Nilimwona baba mdogo, aliyeamuru safari ile, ananitazama kama mtu anayeomba maji. Nikasema sijawahi kuiona. Hawakuhitaji ushahidi mwingine, kaka. Neno lililomtenga Selestini ni langu. Yeye alinitazama, na safari hii hakutazama chini.

Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi kilio kimeshapita. Risiti ninayo, ina namba iliyopigwa ubavuni mwa pampu ileile. Jumapili hii mkutano unakaa tena, nami nitaiweka mezani na kusema pampu niliichagua mimi na uongo ni wangu. Watanitenga, na ni haki yao. Ninaloogopa ni Mama. Tunakula chungu kimoja, naye hawezi kuteka maji mwenyewe. Nakuomba uje kumchukua kabla ya Jumapili, na barua ikichelewa, uje hivyo hivyo. Baba mdogo sitamwomba msamaha kwa barua. Nitamwomba nikiwa nimesimama, akitaka kunipiga anipige.

Mama anakusalimu sana, anasema magoti yasikutie wasiwasi. Milembe anamsalimu shemeji Violeth. Watoto wanawasalimu wenzao, na jirani aliyepita sasa hivi anasema upokee na zake. Nimezikusanya zote leo, kaka, zipokee. Barua yangu itakayofuata haitakuwa na salamu za mtu yeyote isipokuwa Selestini na Salu, kama watakubali kunisalimu.

Ni mimi mdogo wako,
Josia