Mstari wa Nne wa Leseni

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetulaza tumbo moja mimi na wewe, kwa nyakati tofauti na kwa sababu anazozijua Yeye. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua chako cha utotoni hakikusumbui siku za baridi. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Mama ni mzima. Macho yake sasa hayapati hata mwanga wa dirishani, lakini masikio yake yangeweza kuajiriwa polisi. Mimi magoti yanalia kama bawaba, na nywele zimebaki kandokando tu, kama majani yanayozunguka uwanja wa mpira.

Najua umeigeuza bahasha mara mbili kuutazama mwandiko. Ndiyo, ni mimi. Miaka kumi na mmoja sijakuandikia hata salamu, na leo naandika kwa sababu nina ombi. Nalisema mapema usije ukadhani nakuzunguka. Ila nivumilie kwanza nikueleze lilikotoka, maana nikianza na ombi lenyewe utaona sina haya hata kidogo.

Anwani yako nimepewa na Mama, tena alinifanya niiombe mara tatu. Ndipo nikajua kwamba wewe humwandikia kila mwezi kwa nukta za sindano, yale maandishi ya wasioona, naye husoma kwa kidole akiwa amejilaza, kisha huzitia barua ndani ya foronya. Miaka yote hii nimekuwa nikimtandikia mto ule bila kujua kilichomo. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alisema kwamba sikuwahi kuuliza, na kwamba aliyeziba masikio hapigiwi hodi.

Niko palepale uliponiacha, shule ya wasioona, kile chumba nyuma ya maktaba. Mashine ya kuchapa nukta ni ileile, inagonga kama mtu aliyefungiwa nje mvuani. Karatasi zile nene kama kifuniko cha boksi la viatu zimepangwa hadi dirishani, na kioo kimoja cha dirisha hilo bado ni kipande cha katoni ulichokikata wewe. Na programu inayogeuza maandishi kuwa nukta bado ni ileile tuliyoiandika tukiishi chumba kimoja, kompyuta moja, tukigombania kiti. Vitabu vyote vya wanafunzi hapa vimepita humo.

Sasa mwaka huu kompyuta za shule zimebadilishwa. Leseni ya ule mfumo wa kulipia imeisha muda, mwalimu mkuu akaamua zote ziwekewe mfumo huru, ule ambao haulipiwi na kila mtu anaweza kuufungua na kuurekebisha. Hilo lilinifurahisha. Lakini fundi wa kompyuta, kijana mcheshi ila mgumu kama kwato, alisema hatasakinisha kitu kilichotoka kwenye flashi ya mtu, kwa kuwa mwaka jana flashi moja ilileta virusi vikala hata matokeo ya mitihani. Atachukua kilichomo kwenye ghala la mfumo wenyewe tu, ile hazina ya mtandaoni ya programu zilizokwisha kukaguliwa. Kisichokuwa ghalani, hakimhusu. Mwalimu mkuu akaniita, akaniambia kwa upole kwamba mwaka ujao wa masomo ukianza programu yangu ikiwa haipo ghalani, mashine itafunikwa turubai, na wanafunzi watarudi kusomewa kwa sauti kama zamani.

Alisema "programu yako". Kumbuka neno hilo, nitalirudia.

Basi miezi minane nimekuwa nikijifunza kufungasha. Wewe unayajua mambo haya kuliko mimi, lakini nitayaeleza nilivyoyaelewa, maana shule yangu unajua iliishia wapi. Nilidhani kufungasha programu ni kuiweka ndani ya boksi na kukaza kamba. Kumbe boksi ndiyo kazi ndogo. Kubwa ni maswali: hiki ni cha nani, nani kasema kitolewe, na huyo aliyesema alikuwa na haki gani ya kusema. Mkaguzi wa ghala ni mtu wa kujitolea, simjui sura wala sijui kama ni mwanamume au mwanamke. Mimi na fundi tunamwita Chekeche, kwa kuwa hakuna kinachompita bila kutikiswa. Huandika kwa adabu sana, kama daktari mwenye majibu mabaya. Nilipopata barua pepe yake ya kumi na mbili, fundi alinitania kwamba hata mbinguni, Mzee, hawakagui namna hii. Nikamjibu kwamba kule wanakagua zaidi, ila karani ni mmoja na hahitaji kuuliza.

Jambo la kwanza Chekeche alilolishika ni zile ramani. Unakumbuka programu inavyochukua picha, ramani au umbo la hesabu, na kuamua mistari gani ibaki na gani iondoke ili kidole kisipotee. Aliniandikia kwamba njia hiyo ina hataza, yaani hati inayosema ni mali ya kampuni fulani na mwingine asiitumie bila ruhusa yao, na kwamba ghala haliwezi kuipokea mpaka miaka ya hataza iishe. Kampuni uliijua kabla sijaiandika. Ni ile inayokuajiri. Niliitoa sehemu hiyo kwa mkono wangu, mistari mia nne na kitu, na siku ile sikula. Wanafunzi watakuwa na maneno, hawatakuwa na ramani. Mwalimu wa jiografia hajanisalimia tangu hapo.

Jambo la pili lilikuwa leseni. Ile leseni ni karatasi ya mistari mitano niliyoiandika mwenyewe, na mstari wa nne una neno "isipokuwa". Isipokuwa nini, nitakuambia, ila mkono wangu haujafika bado. Chekeche alisema mstari ule ukibaki kifurushi hakipiti, kwa sababu uhuru wa ghala ni wa kila mtu au si uhuru. Nilibishana naye wiki tatu. Nilimwambia mstari wenyewe ni mfupi, haumdhuru yeyote. Akanijibu kwamba hakuuliza urefu wake.

Niseme ukweli, mdogo wangu, nilichoka. Kuchoka kwa mwili nakujua, dawa yake ni mkeka. Huku kulikuwa kwingine. Nilikuwa nikienda kwenye ibada na kukaa benchi la nyuma kama mgeni, na wakati wa kusema "utusamehe kama tunavyosamehe", midomo inasema, moyo unatazama dirishani.

Kisha likaja la tatu. Chekeche alitaka orodha ya wote walioandika programu, maana kila aliyeandika ana fungu lake, na hakuna mwenye haki ya kutoa fungu la mwenzake. Nikamjibu harakaharaka kwamba mwandishi ni mimi peke yangu. Akaniuliza, kwa ile adabu yake, mbona nusu ya mistari ina nyota mbili mwanzoni na nusu nyingine haina.

Nyota mbili ni zako. Wewe ndiye uliyekuwa ukiziweka ili tusigombane nani kaharibu nini.

Nikaona hapo ndipo pa kushinda. Nikasema nitatafuta ushahidi kwamba nyota ni pambo tu, na fikra, hasa ya ramani, ilikuwa yangu kabla hujaipeleka kwa waajiri wako. Nikafungua lile sanduku la bati chini ya kitanda cha Mama, nikalipata daftari letu la jalada la kijani. Unalikumbuka? Ndani mna kurasa zilizotobolewa sindano, enzi Mama alipoanza kupoteza macho na tulikuwa tukimchorea nyumba ili asijigonge. Nikampelekea, nikamwomba anishuhudie kwamba mchoro ule ni wa mkono wangu.

Mama alipitisha kidole taratibu, akatabasamu kabla hajasema neno. Alisema hiki ni chumba cha nyuma cha ile nyumba ya kupanga jirani na wachomelea vyuma, hapa ni kitanda, hapa ni kile kizingiti kilichokuwa kikimwangusha, na aliyechora hakuuweka ukuta wa rafu kwa sababu alijua Mama hakuwa na shughuli kule. Huyu, akasema, ni mdogo wako. Nikamwambia atazame vizuri. Akanijibu kwamba yeye kutazama kumemshinda siku nyingi, ndiyo maana hadanganyiki. Kisha akafunua ukurasa wa pili na kusema wangu ni huu: sindano imepita kurasa tatu, nimechora kila kitu hadi msumari wa kutundikia koti, na kwa kuufuata mchoro wangu alijigonga meza na jino likalegea. Alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikuweza kucheka.

Pembeni ya mchoro wako umeandika kwa kalamu ya risasi: acha kona, acha mlango, ondoa asipopita. Ndiyo njia yenyewe. Ndiyo hataza nzima, kwa maneno sita.

Sasa mkono umefika, nami nakuungamia kama ninavyoungama kwa Mungu. Usidhani nilikuwa nimesahau. Ningependa kukuambia nilisahau, umri ungenitetea. Lakini ile siku ramani ya kwanza ilipotoka kwenye mashine, mwalimu mkuu wa wakati ule aliwaita walimu wote, akanipiga bega, akasema wazo hili limetoka kwenye kichwa hiki. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na bakuli la gundi. Nilisubiri useme kitu, nawe, nadhani, ulisubiri niseme mimi. Nikanyamaza. Kunyamaza kule nikakulisha, nikakukuza, mpaka kukawa na nguvu kuliko mimi. Ulipoondoka kwenda kwenye kampuni, na hataza ikatoka ikikutaja wewe kama mgunduzi, nililia kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa, na machozi yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo linalonitisha.

Siku ileile ndipo nilipoandika leseni. Mstari wa nne unasema hivi: "Mtu yeyote anaweza kuitumia, kuinakili na kuibadilisha programu hii, isipokuwa mdogo wangu wa tumbo moja." Nimeigawa hivyo kwenye shule tisa. Miaka kumi na mmoja, kila aliyefungua programu yetu amesoma kwamba dunia nzima inakaribishwa, majambazi na waongo wakiwemo, ila wewe. Chekeche, maskini, aliniuliza kama katazo hilo linawahusu wadogo wa watu wengine pia.

Mstari nimeufuta. Mahali pa mwandishi nimeweka majina mawili, lako la kwanza, na lile neno la mwalimu mkuu sasa ni "programu yenu". Lakini Chekeche amesema kweli: siwezi kutoa ruhusa kwa fungu lako, na bila fungu lako hakuna programu. Umeona Mungu alivyonigeuzia kibao. Mtu mmoja niliyemfungia mlango ndiye mwenye ufunguo.

Kwa hiyo ombi langu ni karatasi moja, kwa mkono wako, ikisema kama unakubali fungu lako liingie ghalani kwa kila mtu au hukubali. Mwaka wa masomo unaanza baada ya wiki sita. Ukikataa sitakulaumu, nitamwambia mwalimu mkuu sababu, yote, pamoja na ile ya bakuli la gundi. Hiyo nitamwambia hata ukikubali. Kuhusu ramani siombi kitu. Njia ni yako, ukampa uliyetaka kumpa. Fundi alinishauri nilitumie daftari kupambana na hataza, kwa kuwa ni la zamani kuliko hiyo hati. Chekeche anasema daftari la sandukuni ambalo watu hawakulisoma halitoshi. Hata lingetosha, si langu la kutumia. Nimelitia ndani ya bahasha hii. Limerudi kwa mwenyewe.

Mama anakusalimu sana. Amenisikia nikiandika, akaniuliza kama bado sijamaliza kujitetea, nikamwambia nimeacha tangu ukurasa wa pili. Akaomba sindano na kipande cha karatasi yangu nene, akakaa nacho kitandani karibu saa nzima. Kipande hicho kimo kati ya kurasa za daftari. Nukta ndiyo kazi yangu, ningeweza kuzisoma hata kwa kidole gumba nikiwa nimefumba macho. Sikuzisoma, mdogo wangu. Zimeandikwa kwako, na mimi sikupewa ruhusa.

Mungu akutunze, wewe na wote wa nyumbani mwako nisiowajua.

Ni mimi, kaka yako mwenye sindano ya papara.