Usiku Mmoja Ziama

Jumapili, 14 Julai

Baba ametandaza tena ramani juu ya meza. Tumekula tumepakata sahani. Mwalimu wa jiografia, miaka ishirini na mbili anawafundisha watoto wa hapa Setif, huku bara, mwambao wote wa nchi hii, na mwenyewe hajalala karibu na bahari hata siku moja. Jeshini alilala jangwani. Basi, safari zake zimeishia hapo.

Mpango: tushuke hadi Bejaia, tufuate barabara ya majabali mpaka Ziama, ufukweni, tulale usiku mmoja, kesho yake Jijel, halafu nyumbani. Mama aliahidiwa usiku huo wakati wa fungate. Kaka yangu Okba sasa ana miaka ishirini na ndevu.

Kila mwaka mpango unafia mezani. Mwaka juzi — joto. Mwaka jana mtu wa hoteli alimwambia "piga tena kesho," Baba akaona ametukanwa, akakunja ramani.

Mwaka huu kapata dawa. Mimi.

"Rufaida atapiga simu. Ana Kifaransa cha vitabuni. Wakimsikia watajua sisi ni watu."

Okba alicheka mpaka akapaliwa. "Huyu? Mkate wenyewe dukani anaununua kwa kidole."

Ni kweli. Ndiyo maana namchukia.

Jumanne, 16 Julai

Nimepiga mara tatu. Lugha mbili kichwani, hakuna hata moja iliyoshuka kinywani. Mara ya kwanza nilikata kabla mtu wa hoteli hajapokea. Ya pili alisema "hoteli hapa, karibu," nikakata. Ya tatu niliganda. Akangoja. Kisha: "Wewe unayepumua. Ukitaka chumba, sema. Ukitaka mchumba, umekosea namba."

Nikakata. Nageuka — Baba mlangoni, soksi mkononi.

"Vipi?"

"Tayari. Vyumba viwili, Jumamosi."

Akanibusu kwenye paji la uso. Mara ya mwisho ilikuwa nilipofaulu kuingia sekondari. Uongo ulinitoka vizuri, bila kigugumizi chochote. Mjinga mimi.

Jumatano, 17 Julai

Nyumba imepagawa. Baba anatembea na daftari la familia mfukoni, lile la serikali lenye ndoa na watoto, hoteli isije ikamuuliza kama mwanamke aliye naye ni mkewe. Anamweleza kila anayepita kwenye ngazi. Hakuna aliyeuliza.

"Baba," Okba akasema, "sisi wote tuna pua yako. Daftari la nini tena?"

Mama anaoka mikate, anachemsha mayai, kana kwamba Ziama hawaishi binadamu. Amenunua gauni la kulalia, la buluu. Miaka yote anaambiwa "mwakani" na anajibu "inshallah, Baba Okba." Mwanamke gani huyu? Hata kukasirika hajui.

Sijapiga tena simu. Naitazama tu.

Alhamisi, 18 Julai

Nimemwambia Mama. Haukuwa ushujaa. Alikuwa anapiga pasi lile gauni — nani anapiga pasi gauni la kulalia? — akaniuliza kama chumba chao kinatazama bahari. Nikalia. Nikasema hakuna chumba, hakuna kinachotazama popote, sikusema neno lolote kwenye simu.

Pasi haikusimama.

"Baba yako anajua?"

"Hapana."

"Asijue."

"Mama, ni mwezi wa saba. Kote kumejaa."

"Najua. Lakini akijua hatutoki. Atakunja ramani, atasema mwakani. Miaka ishirini na moja namtazama akikunja ramani." Akageuza gauni upande wa pili. "Kwanza tufike. Bahari haikunjwi."

Nikajipangusa pua kwa mkono.

"Na wewe futa kamasi. Umesema uongo kitoto, sasa nyamaza kiutu uzima."

Kumbe. Na mimi nilimwona mwanakondoo.

Jumamosi, 20 Julai. Garini, saa kumi alasiri

Baba amesimama kila kona kutufundisha majina ya majabali. Nyani mmoja akapenyeza mkono dirishani, akachukua mkate. Okba akasema huyo ndiye pekee aliyeipanga Jumamosi yake vizuri. Mama alicheka sana. Kupita kiasi.

Sasa tuko mbele ya hoteli. Baba amechana nywele kwenye kioo, ameingia. Dakika kumi. Namwona kupitia kioo cha mlango: daftari la familia liko wazi juu ya kaunta, anamwonyesha yule mtu jina la Mama kwa kidole. Yule mtu anatikisa kichwa. Baba anafungua ukurasa mwingine. Maskini, anadhani shida ni ndoa.

Sasa ananyoosha kidole kwenye gari. Kwangu.

Mama hayumo garini. Viatu vyake vimo. Yuko kule chini kwenye mawe, ameshika pindo la gauni la safari, maji magotini. Okba anamwita kutoka kwenye ukuta wa barabara: "Mama, chumba hatujapata bado." Hageuki.

Baba ametoka. Uso umemwiva. Anakuja upande wangu, nimeanza kuzipanga sentensi, za Kiarabu, za Kifaransa, zote zinaanza na "samahani." Hajafika. Ameona viatu kitini, akatazama baharini, akamwona. Amesimama katikati, kati ya gari na maji, daftari kifuani. Midomo inamcheza kama anayetafuta jina la mahali.

Anainama. Amevua kiatu kimoja.

Cha pili bado.