Mistari Miwili Ubaoni

Jumanne, 16 Januari 1951

Kahawa imepaliliwa nusu. Mgongo unauma. Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe alipoingia kihambani, shamba langu la nyumbani, karani wa afya kutoka Moshi, anaitwa Salimu, mtu wa mjini, viatu vimejaa tope. Anapita nyumba kwa nyumba na maswali mawili kwa kila mwanamke. Umeshika mimba mara ngapi? Una watoto wangapi? Nikamjibu: mara tatu, mtoto mmoja, Tadei, yuko Moshi kwa fundi magari. Akaandika. Akanywa maziwa, akashukuru, akaenda kwa jirani. Aliniamkia shikamoo. Nikajiona mzee.

Nilipokuwa mdogo serikali ilihesabu nyumba tu, kwa ajili ya kodi. Baba aliwaonyesha nyumba moja, nyingine akaiita zizi. Ng'ombe kweli walilala humo, nasi tukalala nao. Harufu ile ya majani mabichi na moshi bado ninaitafuta. Siipati.

Ijumaa, 2 Machi

Nina hasira.

Leo barazani Mwalimu Leonsi alisimama na ubao wa shule. Majibu ya hesabu yametoka Moshi. Akachora kwa chaki mstari mrefu: mimba za mtaa wetu. Chini yake mstari mfupi: watoto. Akagonga nafasi iliyobaki kwa kidole. Hizi, akasema, zimekwenda wapi? Akajijibu mwenyewe. Zimetolewa. Wanawake wetu wanakunywa dawa, na kila mtu anajua mlango wa kugonga.

Hakutaja jina. Kila kichwa kikageuka kwa Mama Mdogo Makrina.

Ni mdogo wa marehemu mama yangu. Mkunga. Nusu ya watu waliokuwa barazani aliwapokea yeye, na watoto wote wa Leonsi. Alikaa ukutani na fimbo yake, akatazama ubao kama mtu anayetazama mvua ya mbali. Hajui kusoma. Mistari aliielewa.

Pendekezo: asiitwe tena kwa mwanamke yeyote. Atakayemwita atoe faini ya mbuzi. Wenye mimba washuke hospitali Moshi. Kwa gari gani? Lori hupita likiwa na kahawa ya kubeba. Wanaume walipa kodi watanyosha mikono tarehe tano Aprili. Wanawake hawana mkono wa kunyosha.

Huyu Leonsi nilikaa naye dawati moja misheni. Yeye hesabu, mimi kusoma. Jumamosi tulikuwa na mdahalo, na aliyeshindwa alikwenda kuwachotea wote maji mfongoni, kwenye mfereji wa mlimani. Alichota sana. Zilikuwa siku nzuri. Maji ya mfongo yalikuwa baridi mpaka meno yanauma, naye alirudi na ndoo kichwani akiendelea kubisha njia nzima.

Jumapili, 4 Machi

Baada ya misa nimeandika barua gazetini. Kurasa nne, bila kufuta. Nimesoma kila karatasi iliyopanda mlima huu, hata zilizofungiwa chumvi, na ninajua hesabu ya kupikwa nikiiona. Nimesema karani yule hakupita nyumba yoyote. Alikaa kwenye soko la Mkuu akinywa chai, akajaza mimba na watoto kwa kubuni. Nimemwita mwongo kwa maneno sita mbalimbali. Raha iliyoje.

Kisha nikamkumbuka Mama Mdogo nilipojifungua Tadei. Miezi mitatu ndani, kama ilivyokuwa desturi. Sikushika jembe, sikushika mtungi. Mtori asubuhi, mtori jioni, maziwa yenye damu ya ng'ombe, na mgongo wangu ukipakwa siagi ya moto kwa mikono yake migumu. Aliniimbia mimi, si mtoto. Akasema mtoto ana watu wengi wa kumwimbia.

Tangu hapo hakuna aliyenitunza hivyo.

Jumamosi, 17 Machi

Barua imetoka. Tadei ameleta gazeti. Ilisomwa kwa sauti pale kahawa inapopimwa, watu wakacheka wakishika mbavu. Mmoja akasema karani huyo asipande tena mlima bila kofia ya chuma. Nilirudi nyumbani nikijiona mrefu.

Alasiri karani akaja. Ametoka Mkuu kwa miguu. Gazeti amelikunja kwapani. Hakukaa.

"Shikamoo, Mama. Nilikaa pale, juu ya gogo lile. Nikanywa maziwa yako. Ni nani aliyeniambia tatu na mmoja?"

Hakupaza sauti. Akasema ana mke na mama mjini, na gazeti hilo linasomwa msikitini kwao pia. Akaniaga kwa heshima. Ningependa angenitukana.

Tatu na mmoja. Nilisema hivyo kweli, na hasira ilinisahaulisha.

Jumatatu, 19 Machi

Nimekwenda kwa Mama Mdogo. Nimemwuliza bila kuzunguka: unatoa dawa za kuharibu mimba? Akaendelea kuchambua maharage. Akasema wapo waliokuja kumwomba, ataficha nini. Aliwapa uji, akawaacha walie, akawasindikiza kwao. Kama wengine walikwenda mlango mwingine, hajui. Akanitazama. "Na Leonsi hajui. Na wewe hujui."

Kisha nikamwuliza juu ya wangu wawili. Nilikuwa sijawataja kwa miaka. Akawajua mara moja. Wa kwanza aliondoka wakati wa kuvuna ulezi. Wa pili hakumaliza hata mvua za vuli. Hawakuota jino.

Ndipo nikaelewa, nikakaa chini kwenye maganda.

Kwetu mtoto asiyeota jino hatajwi pamoja na watoto. Hajaonyeshwa ukoo, pombe yake haijapikwa. Akiondoka anafungwa kwa majani makavu ya mgomba, analazwa mgombani, na mama anarudi jikoni. Padri anawabatiza anaowawahi, lakini mdomo wa kina mama haukubatizwa pamoja nao. Ukimwuliza mwanamke mimba zake, anakuambia zote, maana tumbo alilibeba. Ukimwuliza watoto, anaanza na wenye meno. Hata mimi na vitabu vyangu vyote. Mdomo uliwaruka wanangu nami sikusikia.

Salimu aliandika alichoambiwa. Leonsi akasoma yasiyoandikwa. Nami nikamtukana aliyekuwa mkweli.

Nimeandika barua nyingine gazetini, ya kumwomba Salimu radhi. Mistari mitano. Imenichukua siku nzima.

Jumatano, 28 Machi

Pasaka imepita. Sikuonja nyama.

Nimezunguka mtaa mzima nikiwaomba wanawake waseme barazani. Mmoja baada ya mwingine wamekataa. Kuwaamsha wale kwa faida gani? Mbele ya wanaume? Mbele ya mama mkwe? Wananipa maziwa, wananisindikiza hadi kwenye ua wa masale mpakani, wanarudi.

Mama Felista, jirani yangu wa juu, hata maziwa hakunipa. Aliniambia nikiwa nimesimama mlangoni: "Leonsi amechora bila kutuuliza. Wewe umeandika bila kutuuliza. Mnafanana kama viatu."

Amenichoma. Nimetembea kando ya mfongo mpaka hasira ikaisha, ikabaki huzuni. Zamani tukiteka maji hapa mama zetu walizungumza kila kitu, nasi wasichana tulijifanya hatusikii. Labda waliwataja humo. Labda maji yalikuwa na kelele nyingi.

Mama Mdogo ameanza kugawa vitu vyake. Kibuyu cha siagi kwa huyu, kiti cha kuzalia kwa yule. Anasema mikono yake itajifunza kupalilia. Nimekataa kibuyu alichonipa mimi. Tumegombana.

Alhamisi, 5 Aprili

Nimechoka. Nitaandika kabla habari haijapoa.

Watu wengi kuliko siku zote. Karani Salimu alikuwepo, kando ya mchili wetu anayeongoza baraza. Leonsi akachora tena, safari hii kwa rula. Wanawake nyuma, wamejifunika khanga. Mama Mdogo ukutani.

Mchili akataka kuhesabu mikono. Nikasimama. Nilikuwa na hotuba ndefu, yenye makali. Nikaiacha.

"Leonsi, mama yako alizaa wangapi?"

"Sita," akajibu upesi.

"Na mimba?"

Wanaume wakacheka. Naye akacheka. Akauliza barazani tangu lini mwanaume akahesabu mimba za mama yake. Wakacheka zaidi.

Nikamwambia ninayoyakumbuka. Tulikuwa darasa la pili. Hakuja shule siku kadhaa. Aliporudi alikuwa na udongo mwekundu chini ya kucha, na mwalimu akamchapa kwa uchafu. Hakusema udongo ulitoka wapi. Dawati lilikuwa moja, niliona machozi yakidondoka kwenye kibao chake na kufuta hesabu.

Leonsi hakucheka tena. Aliiweka chaki chini. Kisha akasema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu utoto, "Nilishika majani. Baba alichimba, mimi nilishika majani."

Sauti ikatoka nyuma, kavu. Mama Felista. "Wangu watatu."

Mwingine akasema, wawili. Mwingine, mmoja, na huyo mtoto alikuwa ameanza kucheka. Zikafuatana, nyingine za vikongwe niliodhani wamekwisha sahau. Mama mkwe mmoja alitaja wake, mkwe wake akataja wake, hawakutazamana. Waume walitazama miguu yao. Mimi nikasema, wawili. Nilidhani nitasema kwa nguvu. Haikutoka hivyo.

Mama Mdogo alikuwa wa mwisho. Hakusema wake. Alinyosha fimbo kwenye ubao, kwenye ile nafasi tupu.

"Hao nimewapokea wazima. Njooni mniulize kwa nini wanakufa."

Mchili hakuita mikono. Salimu aliomba ruhusa kuzungumza, akasema ataomba kwa Daktari wa Moshi swali lipangwe upya, na wanawake ndio wamfundishe namna ya kuliuliza. Mama Felista akamwambia aje na dawa za homa za watoto, maswali yabaki Moshi. Hapo watu wakacheka, kicheko kidogo cha watu waliolia. Pendekezo limeondolewa. Mama Mdogo anaendelea na kazi.

Nimeshinda. Sijisikii mshindi. Nilimvua Leonsi mbele ya watu, na niliyemkuta ndani ni yule mvulana mwenye ndoo kichwani.

Jumapili, 15 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Mlima hauonekani.

Nilikuwa kwa Mama Mdogo nikimrudishia vitu vyake mahali pake. Leonsi akasimama mlangoni, maji yakimtiririka. Hatujasalimiana tangu barazani. Alimwamkia Mama Mdogo, akasema tu lililomleta. Mkwe wake ameanza uchungu. Mama Mdogo hakungoja aombwe. Alichukua kibuyu na fimbo, akatoka. Nikamshika mkono kwenye utelezi.

Kwa Leonsi wanawake waliingia ndani. Mimi na Leonsi tukabaki jikoni kumenya ndizi za mtori. Kazi ya utoto wetu hiyo. Utomvu ukatushika vidole, tukapaka majivu.

Akaanza kuzungumza, macho kwenye kisu. Mama yake hakuwapa majina wale wadogo. Aliwaita kwa mahali. Wa kando ya mfongo. Wa chini ya mti wa mruka. Jioni akipita hapo alipunguza mwendo, naye Leonsi alidhani mama anachoka. Wangu pia wana mahali, nikamwambia. Akauliza wapi. Nikamweleza. Alipajua. Akasema migomba ya pale huzaa vizuri. Nikasema kweli.

Hatukubishana. Sikumbuki siku nyingine kama hiyo.

Ndani mtoto akalia. Sauti ya Mama Mdogo ikaanza kuimba, taratibu, ule wimbo wa mzazi. Leonsi hakuinuka. Akachukua ndizi nyingine. Nami nikachukua. Tukamenya mpaka zikazidi chungu.