Barua Niliyoibeba Bila Kuweza Kuisoma

Tajiri wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua kwamba salamu hii haitapata marahaba, kwa kuwa juzi dereva wa lori alituletea habari kutoka kwenu Pangani kwamba umekwisha kuzikwa. Hata hivyo wewe ndiwe uliyenifundisha, tena kwa ukali, kwamba mtu haanzi maneno kabla ya kuamkia. Kwa hiyo nakuamkia kwanza, ndipo niseme.

Nakuona bado. Umeketi mlangoni mwa duka letu la Shinyanga, kanzu yako imeshika mwanga mweupe wa kiangazi, na nyuma yako ni giza la ubaridi lenye harufu ya kaniki mpya na mafuta ya taa. Vumbi la ng'ombe waendao mnadani linaingia polepole, linaelea juu ya majora ya nguo ya marekani kana kwamba halina haraka ya kutua. Huku Geita nilipo sasa, mara nyingine naamka alfajiri nikidhani nimechelewa, na kwamba fimbo yako inagonga kizingiti.

Hukupata kuniita kwa jina. Kwa misimu miwili ya pamba nilikuwa "wewe wa vitabu". Wewe wa vitabu, jora lile limekaa upande. Wewe wa vitabu, shuleni hawafagii? Nilipopima nguo, uliipima tena mbele ya mteja, kisha ukanyoosha midomo kidogo, jambo lililoniuma kuliko tusi. Nami nilivumilia, maana nilikuwa na tamaa moja iliyonikosesha usingizi: ndugu yako mdogo, Bwana Khamisi, alikuwa akifungua duka karibu na machimbo ya dhahabu ya Geita, naye alitafuta msimamizi. Neno lako moja lingenipa duka lile, na neno lako moja lingeninyima.

Ndiyo sababu ya zile karatasi. Ulipokwenda Tabora kuchukua bidhaa, mimi, mwenye cheti cha shule ya serikali, niliketi siku nzima nikaandika jina la kila kitu kwa mwandiko wangu bora. Nikatundika karatasi kwenye kila jora, kila jembe, kila fungu la shanga. Nilirudi nyuma hatua chache nikalitazama duka, likaonekana kwangu kama ukurasa ulioandikwa vizuri. Niliota kwamba utasimama mlangoni, utanyamaza kwa mshangao, kisha utamwandikia ndugu yako.

Kweli ulisimama na ukanyamaza. Siku ya kwanza, ya pili, hata ya tano, wanawake waliingia, wakatazama, wakatoka bila kugusa kitu, nawe ukaendelea kuketi mlangoni. Siku ya sita alikuja Mama Minza, mteja wetu wa siku zote kutoka upande wa Mwakitolyo. Aliizunguka meza mara mbili, mikono nyuma, kama mtu aliyeingia katika nyumba ya wakwe.

"Shija," akaniambia, "nguo zako zote zimekwisha kuchumbiwa?"

Sikumwelewa. Akanieleza kwa huruma, kama aelezwavyo mgeni. Katika ghala la pamba, gunia lenye karatasi limekwisha kupata mwenyewe. Mnadani, ng'ombe mwenye alama haulizwi bei. Wenzake walikuwa wamerudi makwao wakisema kwamba duka lote limenunuliwa na serikali. Wanawake waliokuwa barazani wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Niliona haya, Tajiri, na haya ikatafuta mtu wa kumwangukia. Nikasema, nawe uko hatua nne kutoka hapo, kwamba kosa si langu, kwamba laiti mwenye duka angejua kusoma, mambo yangekwenda kwa utaratibu.

Kicheko kilikatika. Uliinuka, ukatembea mpaka kwenye jora la kwanza, ukagusa karatasi kwa ncha ya fimbo. Ukaniamuru nisome. Nikasoma: kaniki. Ukagusa nyingine. Nikasoma: chumvi. Ukauliza kama mimi nadhani bila karatasi ungeitia kwenye chai. Kisha ukafungua sanduku lako, ukatoa kitabu kilichochakaa pembeni, kimejaa mwandiko mzuri wa herufi za Kiarabu, nukta zake zimetua kama mtama uliomwagwa kwa makusudi. Ukaniwekea mkononi.

"Na wewe nisomee."

Nilikitazama mpaka macho yakaniuma. Sikujua hata pa kuanzia.

"Basi tuko wawili," ukasema, ukakichukua kitabu chako, ukarudi mlangoni.

Sikukuomba radhi. Nilijiambia kwamba nitaomba kesho, na kesho ikawa wiki, na wiki ikawa mavuno. Nilikuwa nimekaa na msomi miaka miwili nikimdhania mjinga, kwa sababu tu serikali ilikuja na herufi nyingine. Niliziondoa karatasi. Nikaanza kutazama ulivyokuwa ukifanya kazi, jambo ambalo kabla ya hapo sikupata kulifanya. Uliwaamkia wanawake kwa Kisukuma, *mwangaluka*, ukaulizia mvua ya kwao, ukaulizia ndama na mjomba mgonjwa, na nguo ikaja mwishoni kabisa, kama kitu kilichokumbukwa njiani.

Pamba ilipokwisha ukanipa barua, ukaniambia niipeleke Geita kwa Bwana Khamisi. Ilikuwa imekunjwa mara nne, haikuwa na lakiri ya kuifunga, na ilikuwa kwa herufi zako. Niliiweka kifuani. Njia nzima niliisikia ikikwaruza ngozi, ama ni duka langu, ama ni kufukuzwa kwangu, nami nimeibeba kama punda abebavyo asichokijua.

Lori likaharibika Masumbwe, tukangoja siku mbili. Nilifikia kwa mshona nguo ambaye mkewe, Bibi Mwanaidi, alikuwa akiwafundisha mabinti Kurani barazani. Alasiri ya pili aliniona nikiikunjua na kuikunja. Akanyoosha mkono. Nakiri mbele yako leo: nilimpa.

Alisoma taratibu, kwa sauti ileile ya kufundishia. "Ndugu yangu, nimekuletea Shija. Mkono wake ni mwaminifu na mdomo wake ni mwepesi. Duka usimpe. Mkalishe barazani na wateja, mpaka siku asipokuwepo wao wenyewe wakuulize yuko wapi." Akapitisha macho mstari wa mwisho, akaikunja, akasema yaliyobaki ni salamu.

Nilikwenda nikasimama nyuma ya nyumba, penye jiko la mafiga. Moto ulikuwa unawaka. Ningeweza kuitia pale, nikafika Geita mikono mitupu, nikamwambia Bwana Khamisi kwamba umenituma kushika duka, naye angeniamini, maana nilikuwa na cheti na lugha ya kupanga maneno. Lakini jina langu lilikuwa ndani ya barua ile. Ulikuwa umeliandika kwa mkono wako, wewe usiyepata kulitamka, nami sikuweza kulichoma.

Niliifikisha. Bwana Khamisi aliisoma, akanitazama, akanionyesha baraza. Nimekaa hapo msimu mzima. Nimejifunza salamu za Wazinza na za Wasumbwa, nimejua nani amefiwa na nani anaposa. Mwezi huu homa ilinilaza siku nne. Siku ya tano Bwana Khamisi aliingia chumbani kwangu, akaniwekea ufunguo wa duka juu ya shuka.

"Amka," akasema, "nimechoka kuulizwa habari zako na wanawake wa watu."

Ndipo akanitolea ile barua akanisomea mstari wa mwisho, ule ambao Bibi Mwanaidi aliuita salamu: "Ukiipata barua hii, ujue kijana amekwisha kusomewa njiani, kwa kuwa hajui kungoja. Ikiwa amesomewa na bado ameileta, usimwache aende kwa mwingine."

Nilikuwa nikipanga kuja Pangani baada ya mavuno, nikae miguuni pako niombe radhi kwa neno nililolisema mbele ya wateja wako. Dereva amefika na habari kabla sijaondoka. Basi naiomba hapa, kwa herufi ambazo hukuzisoma. Leo Ijumaa nimemwomba Bwana Khamisi anifundishe zako. Amenichekea, akaniuliza kama sina kazi. Kisha akavuta kibao, akanichorea herufi ya kwanza, alifu.

Lala salama, Tajiri wangu.

Msaidizi wako,
Shija