Mashine Isiende Bwejuu

Jumatatu, 2 Agosti 1971
Uji, nepi, kufagia, mashine ya kusagia. Haikuwaka tena. Wateja wameondoka na mahindi yao. Mume wangu Makame yuko Pemba kwenye karafuu, harudi mpaka mwezi ujao. Mdogo wake, Haji, kaja kutazama. Kacheka. "Shemeji, mashine si chungu, huonji ukajua imekosa nini." Kasema kama haisagi, Ijumaa baada ya sala anakuja na gari la ng'ombe, aipeleke kwake Bwejuu. Mama mkwe kakubali. Ikenda huko hairudi. Namjua Haji.

Sikulia. Nimekasirika.

Jumanne, 3 Agosti
Nimefungua daftari la Makame, alimoandika mambo ya mashine. Cheche inatoka penye vyuma viwili vidogo, platini. Lazima viachane kidogo tu. Kipimo chake aliazima fundi mmoja, hakikurudi. Lakini kaandika: nyembe nne mpya, zikibanwa pamoja, ndiyo nafasi. Nimenunua nne. Mwanangu Salma anaota meno, hashikiki, nimefanya kazi naye mgongoni. Nimejikata kidole. Nafasi imekaa sawa.

Jumatano, 4 Agosti
Imewaka. Nikatia mahindi, ikazima. Mara tatu. Bomba la moshi linapiga kama fataki. Wali umeungua. Nshachoka.

Alhamisi, 5 Agosti
Daftari linasema platini zianze kuachana pale alama iliyochongwa kwenye gurudumu inapobakisha shubiri moja, kidole gumba mpaka cha mwisho, kufika kwenye msumari wa ubavuni mwa mashine. Nilibana karatasi ya sigara baina ya platini, nikazungusha gurudumu. Ikilegea, ndipo zinapoachana. Shubiri moja kamili. Nimepima tena na tena. Kosa liko wapi?

Nikamlaza Salma. Kitanda chake alikichonga Makame, shubiri nne urefu, akijisifu hakushika rula. Nikakipima kwa mkono wangu. Tano, kasoro kidogo.

Mjinga mimi. Siku nzima napima mashine ya Makame kwa mkono wangu.

Nikavuta uzi kitandani mwanzo mpaka mwisho, nikaukunja katikati, nikaukunja tena. Hiyo ndiyo shubiri yake. Nimezisogeza platini mpaka karatasi ikalegea hapo uzi unapoishia. Adhana ya alasiri imenikuta mikono myeusi. Petroli imebaki kidogo sana. Sikuijaribu mashine, petroli nimeiweka ya kesho.

Ijumaa, 6 Agosti
Haji kaja na gari, kamba, na watu wawili wa kunyanyua. Nikavuta kamba ya kuwashia mashine. Kimya. "Basi shemeji, utateguka mkono." Nikavuta tena. Ikanguruma. Haji akamimina mahindi mwenyewe, pishi nzima kwa mpigo, makusudi. Haikuzima. Mama mkwe akakinga unga kwa kiganja, akausugua kwa kidole.

"Haji," akasema, "wape ng'ombe maji, wana safari."

Jumamosi, 7 Agosti
Salma kalala. Nimechukua tupa, nikachonga alama ya pili kwenye gurudumu, pale pale uzi ulipofika, mkabala na msumari. Chuma kigumu, imenichukua asubuhi nzima. Sasa haitaki shubiri ya mtu, ya Makame wala yangu.